Kigingi Nilichokinyamazia

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi katika halmashauri, na daraja la kijijini kwetu, njia ya kuelekea Mtae, lilipita mikononi mwangu. Nililisubiri kuliko mtu yeyote. Baba alikuwa na ugonjwa wa moyo, na barabara ya magari iko ng'ambo ya mto.

Mkataba ulikuwa wa mtindo wa zamani: mhandisi achore, mkandarasi mwingine ajenge. Mhandisi alikuja kiangazi, mto ukiwa mwembamba hata mbuzi anauruka. Alikuwa mtu mzima, rika la baba. Nilimwamkia, nikambebea kamba yake ya kupimia. Alipopigilia kigingi cha mahali pa nguzo chini kabisa, karibu na mawe, nilijua pale masika panafunikwa. Nimekulia pale. Lakini kwetu mkubwa akishapigilia, humwambii ang'oe. Akaniuliza, "Hapa panafaa, kijana?" Nikajibu, "Panafaa, mzee." Ndivyo nilivyolelewa, na najichukia mpaka leo kwa jibu lile.

Mkandarasi alipofika, mvua zilishaanza. Siku ya pili tu akaniita mtoni.

"Bwana, hapa maji yatakula nguzo. Tusogee juu kidogo."

Nikamwambia hana ruhusa ya kugusa mchoro, wala mimi sina. Tukamwandikia mhandisi. Naye akajibu kwamba vipimo alivichukua mwenyewe, na fundi wa halmashauri aliridhia. Barua zikapanda na kushuka mlima, masika ikakolea, vibarua wakarudi kwenye maharage yao. Zege halikumwagwa hata ndoo moja.

Baba alizidiwa asubuhi moja ya mvua. Tulimweka kwenye machela, mimi nikiwa miongoni mwa wabebaji. Mto ulikuwa umekimeza kigingi na haukuvukika. Tukageuka tuzunguke kwa njia ya juu, ya msituni. Alikata roho kabla hatujamaliza kupanda, nami niliendelea kubeba kwa kitambo bila kujua.

Baada ya arobaini nilimweleza mama habari ya kigingi. Akaendelea kukunja nguo za marehemu.

Sasa tumeelezwa ofisini kwamba halmashauri zinaruhusiwa kutumia mkataba wa sanifu na jenga. Anayechora ndiye anayejenga; akikuta mchoro haufai anaurekebisha mwenyewe, na lawama ni yake. Daraja letu ndilo litakaloanza. Nilimpelekea mama habari hiyo nikiwa na furaha ya kijinga, nikamkuta jikoni anamenya viazi.

Mimi naye huongea Kishambaa tu. Kiswahili anawawekea wageni na watu wa serikali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini, akanijibu kwa Kiswahili.

"Haya, asante. Na huyo mtu wenu akikuuliza maji yanafika wapi, utamwambia?"