Maji Yaliyozunguka Moyo wa Bibi Yangu

Mimi sikusoma. Darasa la nne nililiacha katikati, nikaanza kusukuma mkokoteni sokoni. Leo ukiingia mtaa wetu wa Kamalondo na mota ya maji iliyokufa, hata mtoto mdogo atakuonyesha mlango wangu. Mainjinia wenye diploma hunipigia simu, nami huwajibu huku ninakula. Sijisifu, ni kweli tu, na asiyeamini aende akaulize.

Kwa hiyo bibi yangu, mke niliyemwoa, alipoanza kuvimba shingoni na makwapani, nilidhani ni jambo la kupanga, la kutengeneza kama mota. Kwanza alitibiwa kifua kikuu, miezi ikapita. Baadaye docta mwingine akakata kipande cha tezi, kikapelekwa ng'ambo kuangaliwa. Jibu likarudi: ugonjwa wa nadra wa matezi, wenye jina la mzungu ambalo mpaka leo ulimi wangu unalikataa. Docta, ambaye huniita patron, yaani bosi, akanieleza kwa lugha yangu.

"Patron, ile matezi inatuma habari ya uongo mu damu. Mwili unazania kuko vita. Njo maana anapata homa, anavimba, maji inavuja mu mishipa."

Homa tuliizoea. Kisha miguu ikavimba, akaacha kulala chali, akawa analala ameketi, amekumbatia mto. Tulipomfikisha hospitali, picha ilionyesha maji yamejaa ndani ya mfuko unaozunguka moyo. Moyo wenyewe ulishachoka, na sasa ulikosa hata nafasi ya kupiga.

"Niko na mapompe ya kila namna ya kuvuta maji," nilimwambia docta.

"Acha mapompe yako, patron. Huyu tutamuchoma sindano, hapa chini ya kifua, tutoe maji. Tukichelewa, moyo itasimama."

Hapo ndipo niliposhindwa. Mama buko, yaani mama wa bibi yangu, alikuwa amefika kutoka Lukafu na kukaa kwenye kiti kando ya kitanda. Kwetu mwanaume haingii chumba alimo mama buko wake. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Tangu nioe, mama huyo hakuwahi kunisemesha. Tuliheshimiana kupitia kuta. Nimejenga nyumba tatu mjini hapa, lakini siku ile nilisimama kwenye koridoo kama mchuuzi wa maandazi, nikingoja shemeki, mdogo wa bibi yangu, aniletee habari za ndani.

"Dada anakatala sindano," shemeki akasema. "Anasema kama hauko pale, habatamugusa."

"Mwambie mama atoke kidogo."

Akaingia, akarudi. "Mama anasema yeye njo alimuzala. Weye njo utoke."

"Miye niko inje tayari."

"Nimemwambia vile. Anasema basi endelea kutoka."

Docta akavua miwani. "Mutangojana pa mulango mpaka muntu afe?"

Nilisikia pumzi za bibi yangu, fupi fupi, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Heshima hiyo nilifundishwa kabla sijajua kuhesabu. Nikiingia kwa nguvu, nitakuwa nimemtukana mama yake mbele yake. Nikibaki nje, sindano haitaingia.

Kisha sauti ya mama ikatoka ndani, akimwambia shemeki, lakini kwa nguvu ya kunifikia mimi: "Aingie na mugongo. Miye nitajifunika."

Nikaingia kinyumenyume. Mama buko alikuwa amejitupia kitenge kichwani mpaka kifuani. Yeye akashika mkono wa kushoto wa mtoto wake, mimi wa kulia, uso wangu ukutani. Sindano sikuiona. Vidole vya bibi yangu vilinibana, kisha nikasikia maji yakidondoka kwenye chupa. Maji yanayotoka ni kazi yangu ya maisha yote, lakini haya sikuweza kuyaharakisha.

"Iko rangi gani?" bibi yangu akauliza polepole.

"Sioni."

"Unaangalia nini?"

"Ukuta."

Akataka kucheka. "Usicheke, mama," docta akamwambia. "Sindano iko karibu na moyo."

Pumzi zake zikaanza kurefuka. Lakini docta alisema huo ni unafuu tu; matezi yasiponyamazishwa, maji yatarudi. Ataanza vidonge vya kortizoni vya kupunguza uvimbe, kisha dawa ya dripu inayozuia ile habari ya uongo, ya kuagizwa Afrika Kusini, kila baada ya wiki chache. Kwa wengine inakubali, hata moyo unapata nguvu tena. Kwa wengine inakataa.

"Na huyu iko mu bale gani?" nikauliza.

"Tutaona tukishaanza."

Ndipo sauti ikatoka chini ya kitenge, na haikupitia kwa shemeki.

"Bwana ya mutoto wangu. Atapona?"



"Mama, sijui," nikauambia ukuta.

Nyuma yangu bibi yangu aliendelea kupumua. Mkono wa bibi yangu ulikuwa bado baridi ndani ya wangu, na sikuthubutu kugeuka kumtazama.