Watu wa Wapi Hao?

Kila aliposoma matokeo ya utafiti, mhadhiri wetu wa saikolojia alivua miwani na kuuliza, "Watu wa wapi hao?" Katika kipindi chake cha mwisho kabla ya kustaafu, kitabu kilisema kwamba mtoto asiyelelewa na mama yake hukua na kasoro. Mimi, niliyelelewa na bibi, nikainamisha kichwa. Vidole vya mhadhiri vyenye chaki vikasimama juu ya ukurasa.

"Nani hapa alibebwa na mgongo mmoja tu?"

"Mimi hata jirani alinilea, mwalimu, kwa fimbo!" mmoja akadakia, tukaangua kicheko.

Kipindi kilipoisha, mlangoni nilimwambia mhadhiri kwamba nililelewa na bibi, nikamuuliza kama kweli nina kasoro.

"Sijui, mwanangu. Waliopima hawakuwahi kubisha hodi kwa bibi yako. Anapenda wageni?"