Rahabu na Kichaka cha Chemchemi

Malindi nzima, ile ya milimani kwa Washambaa, ilimjua Rahabu kwa lile jembe lake. Wakati wa Mwingereza, watu walipolazimishwa kulima kwa matuta ya kuzuia udongo milimani, yeye alikwenda shambani na jembe mchana kweupe, bibi harusi wa juzi tu, akayasawazisha matuta yote huku karani wa serikali akimkodolea macho.

Ndiyo maana mwaka ule wa njaa, serikali ilipotangaza kilimo cha kufa na kupona, hakuna aliyeshangaa kwamba aliyepinga alikuwa yeye tena. Kilichowashangaza ni upande aliosimama.

Kijiji kilitakiwa kiwe na ekari moja ya mahindi ya ujamaa. Mwenyekiti Hezekia, mdogo wa marehemu mume wa Rahabu, alichagua kichaka cha chemchemi, kule mfereji wa mashamba ya bondeni unakoanzia. Udongo wake ulikuwa mweusi kama masizi.

“Hakifyekwi,” Rahabu alisema mkutanoni.

“Shemeji, unaogopa mizimu? Wewe, Mlutheri?”

“Mizimu siijui. Wazee walisema inakaa pale. Mimi nasema maji ndiyo yanayokaa pale. Mkiyabomolea nyumba yatahama.”

“Yatahamia Magoma, kule chini tambarare, yakalime mpunga!” Mwajuma, jirani yake, alidakia. Watu wakacheka.

Hezekia hakucheka. “Watoto hawali kivuli, shemeji. Wakubwa wa chama wanakuja kukagua. Wakikuta pori, unga wa msaada tutausikia redioni. Na wewe uliyefukua matuta, leo umekuwa bwana misitu?”

Kicheko cha safari hii kilimchoma. Ngoja kiishe, alijiambia, akangoja.

“Niliyafukua kwa sababu niliamriwa kama punda. Hakuna aliyeniuliza. Masika yalipokuja udongo ulikwenda, nikasimama mlangoni nikiutazama unavyokwenda. Siku zile tulikuwa na Mwingereza wa kumlaumu. Huu ukienda tutamlaumu nani? Na leo nani ameniuliza?”

“Haya, nakuuliza,” Hezekia alisema kwa upole uliomshtua. “Nipe ekari nyingine. Iko wapi?”

Mlima ule haukuwa na hata kipande kisicho na mwenyewe. Rahabu aliwatazama majirani mmoja mmoja, nao wakatazama miguu yao. Akaiwazia migomba iliyozunguka nyumba yake, ekari nzima. Mshambaa asiye na migomba ni mpita njia tu.

“Chukueni migomba yangu,” akasema.

“Shemeji! Kaka amelala pale.”

“Kaburi mtalizunguka.”

Asubuhi walikuja na mapanga yao, wakasimama ukingoni mwa migomba kama watu waliofika msibani mikono mitupu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Hezekia alianza kusema kwamba labda wangoje, labda wakubwa watakubali nusu ekari.

Rahabu alimnyang'anya panga, akaukata mgomba ulioegemea jiko lake. Ulianguka na mkungu wake mchanga. Utomvu ukamrukia kwenye kanga, na doa la mgomba halitoki. Alimrudishia panga.

“Mnangoja nini? Njaa ni njaa, limeni. Lakini atakayepanda kule juu kichakani na panga, awe wa chama, awe wa serikali, ajue kwamba sasa sina migomba ya kupalilia. Nina siku nzima ya kukaa pale, na kesho yake pia.”

Akachukua kigoda chake, akaelekea chemchemini.