Siku Kaka Alipomkana Mama

Meli ya watalii fulani ilikuwa imetia nanga Tanga kwa siku kadhaa, nao wakaamua kupanda treni waje kuuona Mlima Meru wenyewe, bila kuongozwa na mtu wa meli. Walipofika Arusha walikodi gari, na dereva wa gari hilo alikuwa kaka yangu.

Wakiwa njiani kwenda Momela, akawapitisha nyumbani. Mama alipoona mwanawe anashuka na wageni, alikimbia ndani kuvaa gauni la kanisani. Akawakatia ndizi mbivu, akawamiminia maziwa, kisha akasimama akimtazama kaka na kofia yake ya udereva kwa fahari ambayo mimi sikuwahi kutazamwa nayo.

Mgeni mmoja akauliza mama huyu ni nani. Kaka akajibu kwa Kiingereza, tena bila haya: "Simjui. Ni mwenyeji tu wa hapa."

Na alijua fika kwamba mimi nimesoma misheni na Kiingereza nakielewa.

Mama, ambaye hakujua Kiingereza, akamwuliza, "Umewaambia mimi ni mama yako?"

"Nimewaambia, mama."

Mama akawapungia mkono mpaka gari likapotea nyuma ya migomba.

Jumapili kaka alirudi na jani la isale. Kwetu ukiletewa isale huruhusiwi kukataa; ni lazima usamehe. Akanipa mimi. Mama hakumpelekea, maana angemwuliza kosa lake ni lipi.

Nililipokea kwa mkono wa kushoto.