Ukucha wa Muuza Vipima Umbali

Jirani yangu hapa SP Road, Bengaluru, anauza vipima umbali vya leza, vidude vya kufunga kwenye roboti. Amefuga ukucha mmoja tu, wa kidole cha mwisho, na huo ndio karakana yake nzima. Kila siku waheshimiwa wahandisi humrudia wakifoka: "Kibovu hiki! Ukuta uko mita mbili, chenyewe kinasema sentimita tatu!" Naye huuliza kwa upole wa kuudhi, "Injinia, jicho lake umelifunua?" Kisha hubandua kwa ukucha kile kinailoni cha njano kinacholinda jicho la kifaa, akakibandika ukingoni mwa meza, hadharani, pamoja na mamia ya wenzake.

Jana aliingia Profesa Hegde na wanafunzi wake kumi na wawili, akafoka vilevile. Niliacha chai yangu nisikose uhondo. Jirani akawageuzia mgongo, ukucha ukafanya kazi, akamrudishia kilekile. "Samahani, mwalimu. Kweli kilikuwa kibovu. Chukua hiki kipya."

"Na ukome kuuza takataka!"

"Nimekoma, mwalimu," akajibu, mkono nyuma, kinailoni kimemganda kwenye ukucha.