Sega ambalo jeshi halikuliagiza

Saa mbili asubuhi, kelele za kuchomelea vyuma zimeshapamba moto Kizota, Dodoma. Katikati ya karakana za milango na madirisha, kwenye chumba kimoja chenye pazia la kijani, Domitila Gabrieli (56) anakata uzi wa kahawia kwa meno, kisha anageuza kitambaa kuelekea kwenye mwanga.

Kwenye kitambaa kuna ndege. Usitegemee tai mwenye makucha. Ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi, ambaye ukimkuta mtini hutamtazama mara mbili. Chini ya mdomo wake kuna alama ya njano, ndogo kuliko punje ya mahindi.

Hiyo ni nembo ya kikosi kimoja cha helikopta, na kwa zaidi ya miaka ishirini Domitila ameidarizi kwa mkono, beji moja baada ya nyingine. Marubani huivaa begani. Mwaka huu, alama hiyo ya njano nusura imkoseshe kazi.

"Huyu ni mlembe," anasema. "Anakuongoza porini mpaka kwenye asali. Anaruka, anaita, anakusubiri. Ukichelewa anakurudia. Kwetu Farkwa hakuna mrina asali asiyemheshimu."

Domitila ni Msandawe, na baba yake, Mzee Gabrieli, alikuwa mrina asali. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, helikopta ya kikosi hicho ilifika Farkwa kutafuta familia zilizozingirwa na maji. Barabara zilikuwa zimekatika, na ramani haikusaidia kitu. Wakampandisha Mzee Gabrieli awaonyeshe njia, mtu ambaye hata baiskeli hakuwahi kuipanda.

"Anasema alifumba macho, mpaka akakumbuka kuwa ameitwa kuangalia," Domitila anacheka mpaka anaweka sindano chini.

Watu kumi na tisa waliokolewa. Marubani wakampa mzee jina la utani, Mlembe, na baadaye kikosi kilipotafuta nembo hawakuhangaika tena. Shida ikawa mafundi. Wawili wa mjini waliletewa mchoro, wote wakadarizi njiwa. Ofisa mmoja akaulizia fundi anayemjua ndege mwenyewe, akaelekezwa kwa Domitila. Domitila hakumwambia kuwa yeye ni binti wa Mlembe.

Alikuwa na sababu. Siku ile ya mafuriko, helikopta iliitwa haraka kwingine, na mzee akashushwa Kondoa. Alitembea siku mbili kurudi nyumbani.

"Hakulalamika," anasema Domitila. "Alisema tu, 'Wale vijana hawakuacha kitu.' Nikaelewa."

Kwao, ukishapata asali humwachi mlembe mikono mitupu. Unamwachia kipande cha sega. Ukimnyima, siku nyingine atakuongoza vilevile, lakini utakachokikuta huko ni chui.

"Mimi niliogopa kwa ajili yao," anasema. "Vijana wanaruka kila siku, na ndege yule hajapewa chake. Ningelalaje?"

Basi akachukua uzi wa njano. Mchoro wa jeshi haukuwa na sega. Alilitia mwenyewe bila kumuuliza mtu, akanyamaza.

Miaka ikapita, na wanajeshi wakajitungia maana. Wapo walioapa kuwa ni jua la Dodoma. Wengine walisema ni dhahabu ya nchi. Rubani mmoja alimweleza Domitila, kwa kirefu na kwa kujiamini, kuwa lile ni tone la mafuta ya ndege. Domitila akamwitikia, "Kumbe!"

Mwezi Machi, Luteni Shamila wa kikosi hicho aliingia na oda ya beji 240 na mchoro wa asili kutoka kwenye faili.

"Shikamoo, mama. Hii njano haimo humu. Safari hii itoke."

"Marahaba, mwanangu. Na isipotoka?"

"Kuna karakana yenye mashine ya kompyuta, mama. Wao watafuata mchoro."

Kila beji ni shilingi 4,000. Oda nzima ni shilingi 960,000, kwa mama ambaye mwezi wa kawaida haugusi 300,000 na ambaye nyumba yake ya Hombolo bado inasubiri mabati. Mtu mwingine angeiacha njano ikaenda zake. Sijui mimi ningefanya nini, na sitajifanya najua.

Domitila alivuta kigoda. "Kaa, mwanangu. Hilo kosa ni langu."

Akamweleza yote: mafuriko, Kondoa, zile siku mbili za miguu, uzi wa njano. Luteni alisikiliza kofia ikiwa magotini.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unatuachia wewe?"

"Nilikuwa namwachia mlembe, kwa niaba yenu."

Luteni aliondoka bila kuahidi lolote. Siku tisa Domitila hakugusa sindano. Siku ya kumi Luteni alirudi na mchoro mpya wenye muhuri. Sega limo. Pembeni yake pameandikwa: "Limeongezwa na fundi."

Kisha akauliza mzee yuko wapi.

Mzee Gabrieli, mwenye umri wa miaka 83, yupo Farkwa. Kikosi kimepanga kwenda kumwamkia mwezi Juni, na safari hii hawataki mzee atembee. Nimevaa beji nyingi shingoni katika kazi hii ya uandishi wa habari, za mikutano na makongamano, na hakuna niliyoionea fahari hata nusu ya hii ya mlembe, ambayo wala si yangu.

Sasa Domitila anarudi kwenye kitambaa. Beji hii moja haimo katika zile 240. Anapitisha uzi wa njano juu ya uzi wa njano, mara ya tatu, mara ya nne, mpaka sega linavimba.

"Macho ya baba hayaoni tena," anasema. "Nataka alipapase kwa kidole, ajue kuwa wale vijana wameacha kitu."