Nishani Iliyosuguliwa Mno

Tangu utotoni, fundi cherehani mmoja alisugua nishani ya baba yake kila Ijumaa kwa majivu na ndimu, maana mama alitaka ing'ae. Baba alijitolea kwenda vitani, asirudi. Sasa mama, hoi kitandani, alitaka kujua jambo moja tu: alikozikwa.

Kwenye ofisi ya kumbukumbu za jeshi, mtunza nyaraka aliugeuza ukingo wa nishani kwenye taa. "Dada, namba ya askari huchongwa hapa. Nani kaifuta?"

"Mimi. Nilikuwa naisafisha."

"Basi umemfuta mpaka na baba mwenyewe." Akamsogezea mafaili manne. Askari wanne wa kujitolea, jina lile lile la baba, wilaya moja. Watatu walizikwa nchi tatu tofauti. Wa nne alitoroka jeshini. "Bila namba, siwezi kukuambia wako ni yupi."

Simu ikaita.

"Mwanangu, umempata?"

"Nimempata, mama." Maneno yalishamtoka.

"Haya, niambie. Kalala wapi?"

Mama alikuwa anahema, anangoja. Fundi akalisukuma kando faili la mtoro, akafungua lililokuwa karibu, akaanza kusoma jina la makaburi.